Kiashiria cha "idadi ya bunifu" katika taasisi ya umma: tunapima nini hasa?

Mchumi wa Tabata

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni ofisa mipango katika taasisi moja ya umma hapa Dar es Salaam, na naleta jambo lililonisumbua kwa robo mbili mfululizo. Mpango mkakati wetu una kiashiria kinachosomeka "idadi ya bunifu zilizotekelezwa", na kila robo ya mwaka ninatakiwa kukusanya takwimu zake kutoka idara zote, kuzijumlisha na kuziwasilisha kwa menejimenti pamoja na taarifa ya utekelezaji. Ukikisoma ni kiashiria chepesi, lakini ukianza kukijaza kinakutoa jasho.

Robo iliyopita nililetewa orodha ya bunifu 17. Nilipozipitia moja baada ya nyingine nilikuta humo kundi la WhatsApp la wakuu wa vitengo, sanduku la maoni lililopakwa rangi upya, fulana za Ijumaa za kitengo cha uhusiano, na mashine ya kutolea namba za foleni ambayo asubuhi hiyohiyo nilipita mbele yake nikaiona imefunikwa kitambaa, huku wateja wakiandikana majina kwenye karatasi ili ijulikane nani alitangulia. Kitu ambacho mimi binafsi ningekiita ubunifu hakikuwamo kabisa. Karani wa dirisha namba tatu alikuwa ameanza kuwapitia wateja wakiwa bado kwenye benchi, akikagua viambatisho vyao kabla hawajafika dirishani, ili aliyekosa nakala ya kitambulisho aambiwe mapema akatoe, badala ya kungoja saa mbili ndipo arudishwe. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemwandika. Nilipomuuliza mkuu wake kwa nini hakuliweka kwenye orodha, alinijibu kwamba "ule si mfumo".

Jibu hilo ndilo lililonileta hapa. Naona katika ofisi zetu neno ubunifu limekuwa jina jingine la TEHAMA, na kisichokuwa na skrini hakihesabiwi. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuifanya kazi hii: ubunifu unatambuliwaje katika taasisi isiyouza kitu, maana kampuni ina mauzo na faida ya kuonyesha, na sisi hatuna? Na takwimu zake zipatikane wapi bila kuanzisha dodoso jingine ambalo watu watalijaza usiku wa kuamkia siku ya mwisho? Mpango mkakati umebakiza miaka mitatu, kwa hiyo kiashiria siwezi kukifuta. Ninachoweza ni kukiandikia upya maelezo ya namna kinavyopimwa.

Mtakwimu

Ndugu Mchumi, pole na hongera kwa kulisema wazi, kwa sababu wengi wetu tumekuwa tukijumlisha orodha za namna hiyo na kuzipeleka juu zikiwa na chati za rangi.

Nianze na neno lenyewe. Katika matumizi ya ofisini "ubunifu" limebebeshwa mizigo miwili: kipaji cha mtu kufikiri jambo jipya, na jambo jipya lenyewe likiwa limeshaingia kazini. Kipimo kinahusu mzigo wa pili peke yake. Wazo zuri lililobaki kwenye dokezo si ubunifu kwa maana ya kitakwimu, hata kama aliyeliandika anastahili kupongezwa. Wanaofanya kazi hii duniani huegemea Mwongozo wa Oslo, yaani mwongozo wa kimataifa wa kupima ubunifu, ambao toleo lake la kwanza lilitolewa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, mwaka 1992 kwa ajili ya viwanda hasa, na toleo la nne, lililoandaliwa kwa pamoja na Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, mwaka 2018, ndilo lililopanua tafsiri ya ubunifu ili ifae sekta zote, serikali ikiwamo. Kiini chake ni masharti mawili. Jambo liwe jipya, au limeboreshwa kiasi cha kutofautiana waziwazi na lile taasisi ililokuwa ikilifanya. Na liwe limeshaanza kutumika, au limeshafikishwa kwa wanaolitumia. Upya hapo ni kwa taasisi husika, si kwa dunia nzima. Faida haimo katika masharti hayo, na hilo linajibu hofu yako kuhusu kutouza kitu.

Sasa pitisha orodha yako kwenye chujio hilo. Rangi ya sanduku la maoni inabaki kwenye chujio, na fulana vilevile. Kundi la WhatsApp linategemea: kama maamuzi yaliyokuwa yakisubiri kikao cha kila mwezi sasa yanafanyika humo kwa siku moja na kuandikwa, utaratibu wa kazi umebadilika, kama ni salamu za asubuhi na picha za sherehe, haumo. Mashine ya foleni ilipita siku ilipowashwa na leo haipiti, kwa hiyo unahitaji tarehe ya kuanza na hali ya sasa, si alama ya vema peke yake. Karani wako wa dirisha namba tatu anapita vizuri kabisa, kwa sharti moja: kitendo chake kiwe kimekuwa utaratibu wa dirisha lile, unaoendelea hata siku akiwa likizo. Kama kinakwenda naye likizo, hiyo ni juhudi ya mtu, na tuiheshimu kwa jina hilo.

Jambo la pili ni kizio cha kuhesabia, na hapa ndipo ninapoona kosa kubwa la kiashiria chenu. Ukihesabu bunifu, unamlipa anayekata jambo moja vipande vitano. Wadenmark, ambao mwaka 2015 kituo chao cha taifa cha ubunifu katika sekta ya umma kilishirikiana na ofisi yao ya takwimu kutoa takwimu rasmi za kwanza za aina hii, walihesabu sehemu za kazi: shule hii, zahanati ile, ofisi fulani. Mkuu wa kila sehemu aliulizwa kama katika miaka miwili iliyopita kuna ubunifu wowote ulioanza kutumika pale, na akijibu ndiyo, maswali yaliyofuata yalihusu ule wa mwisho tu. Wazo lilitoka kwa nani, nani alisukuma, nini kilikwamisha, je, matokeo yalitathminiwa? Kwa kuuliza wa mwisho tu wanaondoa kishawishi cha kurundika orodha, na mtu anakumbuka vizuri jambo la karibuni kuliko kumi ya zamani. Takwimu inayotoka ni asilimia ya sehemu za kazi zenye angalau ubunifu mmoja. Mwenye tisa hapati alama zaidi ya mwenye mmoja.

Wakati wa kuchambua walikuta kwamba karibu robo tatu ya bunifu hizo ama zilichukuliwa kama zilivyo kutoka kwingine, ama zilichochewa na jambo lililofanyika kwingine. Hilo lisikupite. Kwetu mtu anaona haya kuandika kwamba aliiga, kana kwamba ameibia mtihani, ilhali kwa taasisi ya umma kuiga kilichofanikiwa kwa jirani ni matumizi bora ya fedha za wananchi. Mpango wa serikali yetu wa Matokeo Makubwa Sasa, wa mwaka 2013, ulichukuliwa Malaysia, na hakuna aliyeficha. Kwa hiyo weka swali la "mliiga wapi, na nani amewaiga ninyi", liulizwe bila dharau, maana sehemu ya pili ya swali hilo ni kipimo chenyewe: kinachoigwa na idara nyingine bila amri ya mtu kwa kawaida kinafanya kazi.

Tahadhari moja tu. Majibu hayo yanatolewa na wakuu wenyewe, na hakuna mkuu anayependa kuandika kwamba miaka miwili imepita ofisini kwake hakuna kipya. Asilimia ikitoka kubwa, usiipigie vigelegele kabla hujaioanisha na kitu ambacho mkuu hakukiandika yeye.

Dada wa Masijala

Nawasalimu wote. Kaka Mtakwimu ameuliza kitu ambacho mkuu hakukiandika yeye. Naomba nikionyeshe, maana kipo chumba cha mwisho kwenye korido, na kina vumbi.

Barua ikiingia masijala inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, inaandikwa kwenye daftari la barua zinazoingia, inawekwa kwenye jalada, na jalada linapelekwa kwa mhusika. Majibu yakitoka yanaandikwa kwenye daftari la barua zinazotoka, nayo yana tarehe. Toa tarehe ya kwanza kwenye ya pili, unapata siku ambazo mwananchi alisubiri. Daftari hilo lilikuwapo kabla ya kiashiria chako na litakuwapo baada yake, na mwandishi wake alikuwa hajui kwamba anapimwa, jambo ambalo kwa maoni yangu ni sifa kubwa kuliko dodoso lolote.

Nilifanya hivyo hapa ninapofanya kazi. Zamani kila barua, hata ya kuomba nakala ya risiti, ilipanda kwa mkuu ili aandike kwenye dokezo "shughulikia", kisha ikashuka kwa ofisa ambaye kila mtu alishajua kuwa ndiye mwenye kazi hiyo. Tulikubaliana kwamba aina nne za barua za kawaida ziende moja kwa moja kwa ofisa, na mkuu apewe orodha yake kila Ijumaa. Nilichukua barua 30 za kabla na 30 za baada, za aina hizo nne tu, nikazipanga kuanzia iliyojibiwa haraka hadi iliyochelewa, nikasoma ya katikati. Kabla ilikuwa siku 11, baada ikawa 4. Wastani wa kawaida ulikataa kabisa kushuka, nikashangaa, hadi nilipogundua kwamba katika zile za baada kuna jalada moja lililokaa miezi mitano chini ya meza ya ofisa aliyekwenda masomoni. Kwa hiyo tumieni namba ya katikati, na ile iliyochelewa kupita zote muiandike peke yake pembeni, kwa sababu nyuma yake yupo mtu aliyesubiri miezi mitano.

Lakini niwape na upande wa pili. Uongozi ulipofurahi na kutangaza kwamba sasa lengo ni siku 3, na kwamba litaingia kwenye tathmini ya kila ofisa, zilianza kufika masijala barua zenye mikunjo ya kukaa mfukoni. Zilikuwa zikishikiliwa mapokezi siku mbili tatu kabla ya kuletwa kwetu kugongwa muhuri. Saa ilikuwa haijaanza kuhesabu, basi kila mtu alikuwa ndani ya lengo. Niligundua kwa kutazama tarehe aliyoiandika mwananchi mwenyewe juu ya barua yake, nikailinganisha na muhuri wetu. Zamani pengo lilikuwa siku moja, sasa lilikuwa nne.

Mtakwimu

Dada, hilo la muhuri ni somo la kozi nzima. Mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, alilieleza mwaka 1975 akizungumzia sera ya fedha: uhusiano wa kitakwimu uliokuwa unaaminika huelekea kuvunjika pindi unapowekewa shinikizo la kuutumia kuongoza mambo. Yeye alikuwa na benki kuu, wewe una barua zenye mikunjo.

Mkaguzi Mstaafu

Nimesoma yote kwa makini, na sijaona mahali mwananchi alipoulizwa gharama yake.

Nitatoa mfano unaofanana kwa taasisi nyingi, bila kuigusa hata moja. Ofisi inahamishia maombi mtandaoni. Daftari la masijala linatulia, foleni inakwisha, muda wa kushughulikia ombi unashuka, na Juni inapofika, katika Wiki ya Utumishi wa Umma, banda linapambwa na runinga kubwa inaonyesha mfumo. Sasa toka nje ya geti, vuka barabara. Utaikuta steshenari yenye kompyuta mbili, na watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wakingoja kujaziwa fomu. Wanalipia kujaziwa, wanalipia kuskani, wanalipia kufunguliwa barua pepe ambayo nywila yake anabaki nayo mwenye steshenari. Foleni haijakwisha, imehama, na sasa inalipiwa na aliye nje. Kipimo chochote kitakachohesabu dakika za ndani ya geti peke yake kitaupa ubunifu huo alama za juu kabisa.

Sisemi mifumo ni mibaya. Mfumo wa malipo ya serikali wa GePG, ulioanza mwaka 2017, umemwondolea mlipaji safari nzima. Wakubwa wenzangu watakumbuka: unapewa ankara, unakwenda benki, unapanga foleni, unarudi na hati ya benki, unapanga foleni nyingine ili uandikiwe stakabadhi. Leo mtu anapewa namba ya kumbukumbu, hii tunayoiita kontrol namba, analipa kwa simu akiwa ndani ya daladala. Na unaweza kuipima faida hiyo kwa kitu cha kawaida kabisa: idadi ya safari. Muulize mteja anayetoka, hatua tano kutoka mlangoni, "Hii ni mara ya ngapi unakuja kwa jambo hili hili, na umetumia shilingi ngapi nje ya ada halali?" Maswali mawili, wateja 20, siku moja katika robo, siku isiyotangazwa. Nimekagua kwa miaka mingi, na sijawahi kupata takwimu ya bei nafuu kuliko hiyo.

La mwisho, hali ya sasa aliyoitaja Mtakwimu isijazwe na mwenye ubunifu. Mkaguzi wa ndani aende mwenyewe baada ya miezi 12 akaangalie kama kitambaa kimeondolewa kwenye mashine.

Muuguzi wa Mbagala

Mimi niko kituo cha afya, na sina utaalamu wa takwimu, lakini naomba niseme jambo kuhusu karani wa dirisha namba tatu, kwa sababu ni kama mnanizungumzia mimi.

Kliniki ya watoto kwetu ilikuwa inajaa Jumatatu hadi kina mama wanakaa ngazini, kisha Alhamisi tunabaki tunatazamana. Tulianza kubandika kipande cha karatasi ya rangi kwenye kadi ya mtoto, rangi moja kwa kila siku ya wiki, na mama akiondoka anajua siku yake kwa rangi hata kama hasomi. Karatasi zilikuwa mabaki ya mabango ya kampeni iliyokwisha. Kituo cha jirani walikuja kuona wakachukua. Haikuandikwa popote, na nitawaambia kwa nini: tungeandika, tungeulizwa kibali kiko wapi, kasma ya bajeti ni ipi, na nani aliidhinisha kubandika kitu kwenye kadi. Wiki mbili za kwanza mambo yalivurugika kweli, rangi ya njano na ya chungwa zilichanganywa, na mama mmoja alirudi nyumbani bila mtoto kuchanjwa, ikabidi tumfuate kesho yake. Kama siku hiyo ingekuwa ndiyo ya kupimwa, jambo lingeuawa likiwa changa.

Kwa hiyo, ndugu Mchumi, kwenye fomu yako weka mahali pa kuandika kilichoshindikana, na aliyeandika asiitwe kujieleza. Usipoweka, utapata yaliyofanikiwa tu, na mengine tutaendelea kuyafanya kimyakimya.

Mchumi wa Tabata

Nawashukuru sana, wakubwa na wadogo. Nimekaa na maelezo haya kwa siku tatu, na nawaletea nilipofika.

Kiashiria kitabaki na jina lake kwa sababu mpango umeshasainiwa, lakini katika maelezo ya upimaji nimeandika kwamba kinachoripotiwa ni sehemu za kazi, si bunifu. Tuna vitengo na madirisha 23 yanayojitegemea, na kila robo nitaripoti ni mangapi kati ya hayo yana angalau badiliko moja lililoanza kutumika katika miezi 24 iliyopita na bado linatumika siku ya kuhesabu. Kila kitengo kitaeleza badiliko la mwisho tu, katika nusu ukurasa: zamani tulifanyaje, sasa tunafanyaje, tuliliona wapi, na ni daftari gani linaloonyesha tofauti. Kitengo kisichokuwa na daftari la kuonyesha kitaandika hivyo, na hakitaadhibiwa, ila badiliko lake litawekwa kwenye safu ya "halijathibitishwa". Maswali mawili ya Mzee Mkaguzi nitayauliza mwenyewe mlangoni. Sijampa mtu, na tarehe sijamwambia mtu. Siku zilizotoka masijala hazitaingia kwenye tathmini ya mtumishi yeyote. Hapo nilibishana kidogo na utawala, waliotaka kila namba ipate mwenyewe kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa kila mtumishi. Niliwasimulia habari ya barua zenye mikunjo bila kutaja ilikotoka, wakacheka, wakaniachia mwaka mmoja wa majaribio.

Kwa kipimo hiki kipya niliipitisha upya orodha ya robo iliyopita. Kati ya zile 17 zimebaki nne, na ya tano ni ya karani, ambaye sasa ameandikwa. Mkurugenzi aliitazama namba hiyo kwa muda mrefu, kisha akaniuliza tutaielezaje bodi kwamba tumeshuka kutoka 17 hadi 5 katika miezi mitatu. Sikuwa na jibu la haraka, na hapo ndipo naomba msaada wenu tena.

Lile la safu ya yaliyoshindikana, Dada Muuguzi, limekataliwa kwa sasa. Nimeombwa nilibadilishe jina kuwa "changamoto".

Mkaguzi Mstaafu

Usiwaeleze kwamba mmeshuka, kwa sababu hamjashuka. Rudi nyuma robo nne, uzihesabu zote kwa kipimo kipya, uweke safu mbili zikiwa sambamba katika jedwali moja, na chini yake uandike tarehe kipimo kilipobadilishwa. Bodi ikiona robo nne zilizopita zilikuwa 3, 4, 4, 4 au chochote kile zitakachokuwa, itauliza kuhusu kipimo, na hilo ni swali unaloweza kulijibu. Ukiwapelekea 5 peke yake, wataulizana nani amezembea.

Na kuhusu "changamoto", kubali jina. Ila kwenye maelezo ya kujaza andika kwamba kila changamoto iwe na tarehe ilipoanza na tarehe ilipoachwa.

Dada wa Masijala

Naongezea: robo hizo nne za nyuma usiziombe idarani, watakuandikia upya. Njoo na daftari lako masijala asubuhi, kabla ya saa tatu, barua hazijaanza kuingia.